Embe la Pilipili Huanza na Chumvi

Mtu akitaka kukukatia tunda la pilipili, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Pilipili unaiweza?" Mmoja atajibu "Niwekee kwa mbali," mwingine atajitutumua adai pilipili kichaa nzima. Mjadala unaishia hapo, kana kwamba hakuna kingine cha kuamua. Kwangu mimi, hilo lingepaswa kuwa swali la mwisho. Katika vitu vitatu vinavyopanda juu ya tunda, yaani chumvi, ndimu na pilipili, pilipili ndiyo yenye makelele, na ndiyo inayoweza kukosekana bila chakula kuharibika. Tunda lenye chumvi na ndimu tu bado ni tamu. Tunda lenye pilipili tupu ni adhabu.

Usiniamini hivi hivi. Kata papai lililoiva, panga vipande vitano kwenye sahani. Cha kwanza kiache kama kilivyo. Cha pili kikamulie ndimu, cha tatu kinyunyizie chumvi ile inayoshikika kwa ncha za vidole viwili, cha nne kitie pilipili ya unga. Cha tano kitie vyote vitatu. Onja kwa mpangilio huo, ukisukutua kwa maji kila baada ya kipande. Papai tupu lina utamu uliopoa na ile harufu nzito ambayo wengine hawataki hata kuisikia. Ndimu inaikata harufu hiyo papo hapo. Chumvi inaukoleza utamu, mpaka mtu anaweza kuapa kwamba umeweka sukari. Pilipili peke yake inawasha, basi. Ukifika kwenye kipande cha tano ndipo unapoelewa kwa nini watu hupanga foleni juani kwa ajili ya kitu kama hiki.

Kinachofanyika si uchawi. Chumvi huufifisha uchungu, na matunda mengi yana uchungu kidogo tusioutambua. Ukishafifia, utamu unapata nafasi. Ndimu nayo ina mambo mawili yanayokaa sehemu mbili: ukali uko kwenye maji yake, harufu iko kwenye ganda la kijani. Anayekamua maji na kutupa ganda ametupa nusu ya ndimu aliyoilipia. Ama pilipili, ule muwasho wake si ladha kabisa. Kapsaisini iliyomo ndani yake huamsha mishipa ya fahamu ile ile inayotuonya kwamba chai ni ya moto mno. David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, aliitumia kapsaisini kukigundua kihisio cha joto kilichomo kwenye mishipa hiyo, na mwaka 2021 akatunukiwa Nobeli ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa mlaji, maana yake ni hii: tunda la pilipili liliwe likiwa baridi. Ulimi unapewa baridi ya kweli na moto wa bandia kwa wakati mmoja, na raha yote iko kwenye ugomvi huo. Nanasi lililopigwa na jua tangu asubuhi halina mchezo huo hata ulitie pilipili ya aina gani.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa na fundi asimame kidogo mbele ya meza ya muuza maembe nje ya shule ya msingi, saa ya mapumziko. Embe ni bichi, gumu, limemenywa likabaki jeupe lenye ukijani. Kisu chembamba kinapita mara nne au tano kutoka kichwani hadi kwenye kokwa, ila hakivuki, kwa hiyo embe linabaki zima lakini limepasuka mistari. Anaupanua mmoja mmoja kwa kidole gumba, anachota mchanganyiko wa chumvi na pilipili kwa ncha ya kisu, anaushindilia ndani. Subiri kidogo utazame mle ndani: unga unaanza kulowa, rangi ya pilipili inashuka ikifuata nyuzi za embe, na matone madogo ya maji yanajikusanya kwenye kingo. Chumvi inavuta maji ya embe, na maji hayo yanayeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Ndiyo maana embe la namna hii huwa tamu zaidi likikaa dakika mbili tatu kuliko likiliwa hapo hapo.

Sasa angalia alichoacha. Hakuweka ndimu. Embe bichi lina ukali wake wa kutosha, na kuliongezea ndimu ni kumtesa mteja meno. Fundi huyo hajasoma kitabu, ila ndiye anayenipa kanuni ninayoifuata kwa tunda lolote: kabla hujatia kitu, onja uone tunda lenyewe tayari lina nini.

Kwa kanuni hiyo, papai linadai ndimu kuliko tunda lingine lolote, kwa sababu halina ukali hata chembe. Lisugulie ganda la ndimu pia, siyo maji tu. Embe dodo lililoiva linataka ndimu kidogo, pilipili kidogo, na chumvi ya kuhesabu. Nanasi lina ukali tayari, kwa hiyo ndimu ni hiari; linachotaka kwa kweli ni chumvi, na lisilokolea utamu linataka zaidi. Ule ulimi kuchomachoma baada ya kula nanasi jingi unatokana na kimeng'enya kiitwacho bromelini, na pilipili juu ya ulimi uliokwisha chomeka ni maumivu juu ya maumivu. Nanasi liliwe kwa kiasi. Pera ninalopenda ni lile gumu ambalo halijalainika, likatwe vipande vyembamba, litiwe vyote vitatu. Pera lililoiva sana linunuliwe kwa ajili ya juisi.

Tikiti maji lina shida ya peke yake. Ni maji matupu, na chumvi ikilikaa dakika kumi utakuta bakuli limejaa maji mekundu na vipande vimelegea. Linyunyizie pale mezani, kila mtu kwenye sahani yake, na liliwe mara moja. Tango ni kinyume: hilo ndilo unalotaka litoe maji. Likate, litie chumvi, liache kwenye chujio robo saa, lipanguse, ndipo utie ndimu na pilipili. Litabaki na ule mkato wake mdomoni na halitazamisha viungo. Tufaha linapata faida ya ziada, maana ndimu inalizuia kugeuka rangi ya kahawia. Parachichi linaweza kubeba pilipili nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta na makali yake yanapungua. Ndizi mbivu iache. Nimeona watu wanaitia, na sina la kuwaambia.

Cha kuchekesha ni kwamba kwenye sahani hii karibu kila mtu ni mgeni. Pilipili, papai, nanasi na pera asili yake ni bara la Amerika, na zilifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Embe na ndimu zilitoka Asia. Waliokutana na mambo haya kutokea upande wa pili ni watu wa Mexico. Kwao pilipili ni ya nyumbani, ndimu ilikuja na Wahispania, na embe lilisafirishwa na merikebu za biashara zilizokwenda na kurudi kati ya Manila na Acapulco tangu 1565 hadi 1815. Wao na sisi tukafika mahali pamoja bila kuulizana. Mitaani kwao, mkokoteni wa matunda hauna maana bila pilipili na ndimu. Embe huchomekwa kijiti na kuchongwa mfano wa ua, na mahindi hupakwa mayonezi, jibini, pilipili na ndimu, jambo ambalo mla mahindi wa Kariakoo angelitazama kwa mashaka hadi atakapoonja.

Huko ndiko ulikotoka unga mwekundu wa chupa uitwao Tajín, uliozaliwa mwaka 1985 katika jimbo la Jalisco na ambao leo Mswahili aliyeko Marekani anaukuta dukani bila kuutafuta. Ni pilipili zisizowasha sana zilizosagwa, chumvi, ndimu iliyokaushwa na asidi ya sitriki. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini soma lebo. Robo kijiko cha chai, yaani gramu moja, ina miligramu 190 za sodiamu, na ukipiga hesabu utaona karibu nusu ya unga huo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na miligramu 2,000 za sodiamu. Vijiko viwili na nusu vya chai vya unga ule vinakaribia kuumaliza mgao huo, kabla hujala mchuzi, mkate wala dagaa. Hata ule mchanganyiko wa kopo wa muuza maembe hauna tofauti kubwa. Kwa wengine chumvi ni nyingi zaidi. Kwa mwenye shinikizo la damu, ushauri wangu ni kuacha chupa kabisa na kuvitia vitu vitatu kimoja kimoja kwa mkono wake: ndimu nyingi, pilipili atakavyo, chumvi ya kuonja tu. Ndimu hupunguza hamu ya chumvi kuliko kiungo chochote ninachokijua.

Ukiwa na ndimu mbichi mkononi, unga mkavu wa nini basi? Jibu ni vyakula vinavyochukia maji. Bisi zikikamuliwa ndimu zinanywea papo hapo. Karanga za kukaanga, krisps za muhogo, viazi vilivyotoka kwenye mafuta na ukingo wa glasi ya juisi ya ukwaju vyote vinataka ukali bila unyevu. Hapo unga una kazi, na unaweza kuutengeneza nyumbani.

Anza na chumvi. Chukua nusu kikombe, kamulia ndimu tatu au nne zenye maji, koroga, tandaza kwenye sinia la kioo au la chuma kisichoshika kutu. Usitumie sufuria la alumini, ndimu inalila. Funika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi, anika juani hadi ikauke kabisa, kisha ivunjevunje kwa vidole. Ukali wa ndimu unabaki umeshikwa na chumvi. Ila kabla ya kukamua ndimu yoyote, paruza maganda ya ndimu sita, maana ndimu iliyokwisha kamuliwa hairuhusu kuparuzwa. Chukua kijani peke yake. Ule weupe wa chini ni mchungu. Maganda yakauke kivulini penye upepo, kwa sababu jua linayanyang'anya harufu na rangi.

Kwa pilipili, tafuta zile ndefu nyekundu zilizokaushwa nzima, zinazouzwa kwenye maduka ya viungo. Zipasue, toa mbegu na hasa ule utando mweupe unaozishika, maana ndio unaobeba sehemu kubwa ya kapsaisini. Mbegu zinasingiziwa tu. Zipitishe kwenye kikaango kikavu kwa sekunde chache, moto mdogo, madirisha wazi, mpaka ziteme harufu. Ziungue kidogo tu na unga wako utakuwa mchungu usiotengenezeka. Zikipoa, saga. Pilipili kichaa ongeza moja au mbili ukitaka makali, lakini usijenge unga wote juu yake: inawasha bila kutoa rangi wala harufu ya maana, na mtu akishawashwa haonji kitu kingine.

Changanya vijiko viwili vya chakula vya pilipili, kijiko kimoja cha ile chumvi ya ndimu, na kijiko cha chai cha maganda makavu. Sukari nusu kijiko cha chai ni hiari. Mimi huiweka kwa ajili ya karanga, siiweki kwa ajili ya matunda. Onja. Ukiona ukali umepungua, duka la viungo linauza asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaofanana na sukari. Chembe kidogo zinatosha. Weka kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza, na punje kadhaa za mchele mkavu ndani, kwa kuwa chumvi ya ndimu inavuta unyevu na hewa ya pwani haina huruma. Unga ukishaganda uvunje uutumie. Ukishaota ukungu utupe wote.

Ni kwa sababu ya ukungu huo huo ninasisitiza pilipili nzima badala ya iliyosagwa. Pilipili iliyokaushwa chini kwenye udongo, au iliyofungwa magunia kabla haijakauka vizuri, inaweza kubeba sumukuvu, na ikishasagwa hutaona kitu. Pilipili nzima unaikagua kwa macho: ikiwa na madoa meusi au vumbi jeupe ndani, unairudisha. Kuna na wenye tamaa wanaoitia rangi. Mwaka 2005 mamia ya vyakula viliondolewa madukani Uingereza baada ya rangi ya viwandani iitwayo Sudan I kukutwa kwenye pilipili ya unga iliyotumika kutengeneza sosi. Unga mwekundu unaong'aa kupita kiasi na kuacha rangi vidoleni hata baada ya kunawa haustahili mfuko wako.

Kwenye mahindi ya kuchoma sote ni wataalamu, kwa hiyo sitakufundisha namna ya kuchovya nusu ya ndimu kwenye chumvi ya pilipili na kusugua gunzi. Nitasema jambo moja tu. Itazame ile nusu ya ndimu saa mbili usiku. Imesugua mahindi ya watu wengi, imekauka, ina masizi, na imerudi kwenye kopo la chumvi kila mara. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Kaka, nikatie ndimu mpya," au beba yako mfukoni. Hakuna atakayekununia. Sugua mahindi yakiwa bado moto, wakati punje zinatoa mvuke. Yakipoa chumvi inadondoka chini.

Muhogo wa kuchoma unafuata njia hiyo hiyo, ila upasue kwanza katikati ili ndimu iingie kwenye ule unga wa ndani, siyo juu ya ganda lililoungua. Yai la kuchemsha, kiazi kitamu, pweza aliyetoka jikoni, mishikaki, vyote vinakubali. Samaki wa kukaanga atiwe ndimu na pilipili mezani. Akitiwa kabla ya kukaangwa na akasahaulika kwenye ndimu muda mrefu, nyama yake inabadilika kuwa ngumu na kavu.

Yapo mambo ya kujilinda. Ndimu haiui vijidudu vyote, hata watu waseme nini. Tunda lioshwe kabla ya kukatwa, kisu kiwe safi, na lililokatwa lisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye joto la Februari la Dar es Salaam, saa moja inatosha. Ukikamua ndimu ufukweni, nawa mikono na mdomo kabla ya kukaa juani: maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza, yakaleta malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki kadhaa. Mama anayemkatia mtoto embe la ndimu ufukweni amfute mashavu. Mikono iliyoshika pilipili ipakwe mafuta ya kupikia kwanza, kisha ioshwe kwa sabuni, maana maji matupu hayaiondoi kapsaisini. Aliyewashwa mdomoni anywe maziwa au mtindi. Maji yanaueneza moto.

Kuhusu vidonda vya tumbo, pilipili imeonewa miaka mingi. Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobeli ya mwaka 2005 kwa kugundua bakteria anayesababisha vidonda vingi vya tumbo, na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo ni chanzo kingine kikubwa. Hata hivyo, mwenye kidonda tayari au mwenye kiungulia atasumbuliwa na pilipili pamoja na ndimu, na huyo ajipimie au aache. Meno nayo: ukali wa ndimu hulainisha sehemu ya juu ya jino, kwa hiyo sukutua kwa maji baada ya kula na usubiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Ukiwakatia wageni, usinyunyizie bakuli zima. Weka matunda baridi kwenye sinia, ndimu zilizokatwa robo pembeni, chumvi kwenye kisahani chake na pilipili kwenye chake. Mzee asiyetaka chumvi atajihudumia, mtoto ataishia kwenye ndimu, na yule anayedai kichaa nzima atapata nafasi ya kuonyesha. Yale maji yanayobaki chini ya sinia, mchanganyiko wa nanasi, embe, ndimu na pilipili, usiyamwage. Yamimine juu ya vitunguu vilivyokatwa vyembamba, uyaache nusu saa kwenye friji, na una kachumbari ya kulia wali wa chakula cha usiku.